Taya la mdogo wako kuvimba bila kuuma

Dada pole kwa mdogo wako, ila hapo uliposema uvimbe wa taya lake la chini una mwaka sasa na hauumi ndo paliponishtua, maana jino bovu likivimbisha mara nyingi we hulali. Msing'oe tena jino! Mjomba wangu hapa Ujiji aling'olewa mawili kwenye kizahanati flani, uvimbe ukazidi tu mpaka meno ya jirani yakaanza kucheza, kumbe ameloblastoma, yaani uvimbe unaoota ndani ya mfupa wa taya, mara nyingi sio kansa ila inakula mfupa taratibu. Mpeleke hospitali ya Maweni hapa Kigoma kwa daktari wa meno, apigwe eksirei, aulizie na kipimo cha kinyama (wanakata kipande kidogo cha uvimbe wakipime), then muombe rufaa ya mabingwa wa upasuaji wa taya, mjomba alifanyiwa Muhimbili. Eksirei msiisahau nyumbani, mjomba aliisahau akapigwa upya.