Nilivyofuta ukuta wa katuni: kwa anayetaka kujenga kituo cha watoto

Mwaka wa kwanza wa kituo changu, hapa Tanga, nilimlipa fundi rangi wiki mbili nzima. Akanichorea panya wa kwenye televisheni na suruali yake nyekundu, herufi zote kuanzia A hadi Z zikiwa na macho na miguu, ramani ya Tanzania, na juu ya mlango upinde wa mvua. Kila mgeni aliyeingia alisifu. "Hapa kweli pa watoto," wakasema. Nami nikavimba kichwa.

Watoto wenyewe waliushangaa ule ukuta siku nne au tano. Sikumpata hata mmoja aliyejifunza herufi kwa kuitazama ile miguu. Lakini kila nilipoketi nao mkekani kuanza hadithi, macho yalihama: huyu yuko kwa panya, yule yuko kwenye upinde, mimi naongea na visogo. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto wa chekechea katika chumba kilichojaa mapambo na kisha katika chumba chenye kuta tupu. Kwenye mapambo watoto walipotea zaidi na wakashika somo kidogo. Mimi nilikuwa nimelipa fedha kununua tatizo hilo hilo.

Masika ndiyo yaliyonikata maneno. Nyumba ni ya zamani, kuta zake hunyonya maji kutoka chini, na hewa ya chumvi nayo haina huruma. Rangi ya mafuta haiachi ukuta upumue. Ikafura malengelenge, ikaanza kubanduka, na asubuhi moja nikamkuta mvulana wa miaka mitatu amebandua sikio la panya, analitafuna.

Basi ushauri wangu wa kwanza hauhusu uzuri, unahusu kopo. Baadhi ya rangi za mafuta, hasa zile kali za njano, nyekundu na kijani, hutiwa madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Soma kopo. Kama halikuandikwa kwamba halina risasi, na muuzaji anababaika ukimuuliza, liache dukani. Na kama ukuta wako una rangi kuukuu usiyojua asili yake, usikubali fundi aipige msasa mkavu, kwa sababu vumbi lake ni baya kuliko rangi yenyewe. Iloweshwe kwanza, ikwanguliwe ikiwa mbichi, takataka zifungwe kwenye mfuko, sakafu ipigwe deki mara mbili, na watoto wawe likizo.

Baada ya kukwangua nilibaki na kuta tupu na mfuko mtupu. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwanzo.

Sikusomea sanaa. Nilichokijua ni Tingatinga, tena kwa juujuu, zile picha za kuuzia watalii zenye pundamilia hamsini na mlima juu. Siku moja nikaona picha za kazi zake mwenyewe Edward Saidi Tingatinga, nikashangaa jinsi zilivyo tulivu. Huyu ni mtoto wa Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge huku kwetu Tanga, akaenda Dar es Salaam, akaanza kuchora mwaka 1968 hivi, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu. Alichorea juu ya hadibodi ya mraba kwa rangi za kupakia baiskeli. Mnyama mmoja, mkubwa, amejaza ubao mzima mpaka mkia unakaribia kutoka nje, na nyuma yake rangi moja isiyogombana naye.

Nikajifunza pale kitu ambacho fundi wangu hakukijua wala mimi sikukijua: jicho la mtoto linataka kitu kimoja kikubwa na mahali pa kupumzikia. Ndiyo kanuni yangu hadi leo. Ukuta mmoja, rangi moja, umbo moja, na kuta nyingine zinyamaze. (Chukua macho ya Tingatinga, acha kopo lake. Rangi ya baiskeli ina harufu ya kumuumiza mtu mzima kichwa, sembuse mtoto.)

Kuta zangu tatu sasa ni za chokaa, kama walivyopaka wazee wa pwani. Chokaa huuacha ukuta uteme unyevu wake, na gharama yake ni ndogo. Kasoro ni kwamba inaacha unga kwenye nguo, na ikiwa mbichi huunguza macho, kwa hiyo napaka wakati wa likizo. Ukuta wa nne ni wa rangi ya udongo, na juu yake kuna jani moja la mkungu, kubwa kunishinda mimi. Nilichagua mkungu kwa sababu uko uani. Majani yake huwa mekundu kabla hayajaanguka, na watoto huokota moja, wakaja nalo hadi ukutani kulilinganisha. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Jani lile hatukulichora kwa brashi, tulilikata. Wazo ni la Mfaransa Henri Matisse. Baada ya upasuaji mkubwa mwaka 1941 hakuweza tena kusimama kuchora kama zamani, akawa anakaa kwenye kiti au kitandani, anachukua karatasi zilizopakwa rangi na kukata kwa mkasi maumbo ya majani na mwani. Nilipowaonyesha watoto nakala moja, msichana wa miaka mitano akasema, "Hata mimi naweza." Hilo ndilo neno unalolitafuta. Picha ya ukutani ikimfanya mtoto aseme "mimi siwezi," ifute hata kama imekugharimu. Sisi hupaka karatasi za kaki rangi moja moja, zikikauka wanakata, hata wale wanaochana kwa vidole, tunapanga sakafuni kwanza, tunahamishahamisha, gundi inakuja mwisho kabisa.

Sasa rangi zenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kituo changu kilipopata uhai.

Udongo mwekundu wa kutoka Muheza, mkaa uliotwangwa, na bizari ya manjano: hizo tatu zinatosha kuanzia. Udongo unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa kwa kitambaa cha kanga chakavu, kisha unakorogwa na uji mwepesi wa muhogo uliopoa. Uji ndio unaoshika. Ukiwa mzito sana rangi inapasuka ikikauka, ukiwa mwepesi inapukutika. Watoto wangu wanajua kuupima kwa kijiti kuliko msaidizi wangu. Tengeneza kidogo kidogo, kwa sababu joto la huku halisubiri na siku ya tatu kopo linanuka. Bizari hupauka juani, kwa hiyo kazi zake usizitundike mbele ya dirisha. Lakini ina kioja: ichanganye na maji ya majivu uone inavyogeuka nyekundu ya kahawia. Siku tuliyoigundua kwa bahati mbaya hapakufundishika kitu kingine, kila mtu alitaka kuona tena. Walijaribu ndimu, ikarudi njano. Sikuwa nimepanga somo la sayansi.

Kuhusu jengo, kama bado hujapandisha ukuta, una bahati. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, pande fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Pwani tuna kusi na kaskazi, basi weka madirisha yanayotazamana ili upepo upite wenyewe, na upande wa magharibi panda mti mapema. Mimi nilikuta jengo limekwisha, nikabadilisha kimoja tu: madirisha mawili niliyashusha hadi sentimita 50 kutoka sakafuni, yakatiwa nondo. Fundi mwashi aligoma nusu siku. "Mwalimu, hili dirisha la watu au la kuku?" Nikamwambia achuchumae. Akachuchumaa, akauona mkungu, akaona bodaboda zinapita barabarani, akachukua nyundo bila neno. Dirisha la kawaida huanzia karibu mita moja, na mtoto wa miaka minne akikaa haoni kitu zaidi ya mawingu. Kama kuna fedha ya jambo moja tu, fanya hili.

Nje nusura nifanye kosa la pili. Nilitaka kuagiza tembo wa plastiki wa kuteleza, wa bei ya kuumiza. Binti wa kaka yangu, aliyesomea usanifu majengo, ndiye aliyenizuia. "Shangazi, usinunue tembo. Tembo ni tembo tu, siku zote." Akanieleza habari za Aldo van Eyck, msanifu wa Uholanzi, ambaye kuanzia mwaka 1947 alibuni zaidi ya viwanja 700 vya kuchezea watoto mjini Amsterdam, katika nafasi ndogo ndogo zilizoachwa kati ya nyumba. Shimo la mchanga lenye ukingo wa zege, vinguzo vya mviringo vya kurukia, matao ya bomba. Hakuna kilichofanana na mnyama. Umbo lisilojitaja jina humwachia mtoto kazi ya kulitaja.

Tukajenga shimo la mchanga la duara, ukingo wake mpana wa kukalia, na vinguzo saba vya zege vyenye vimo tofauti. Wiki ya kwanza vilikuwa maduka, kisha vikawa vituo vya daladala, na sasa hivi, nisiulizwe kwa nini, ni hospitali. Kamba za kupandia ni za mkonge, maana ukiwa Tanga ukanunua kamba ya nailoni utachekwa. Baraza nililijenga ngazi mbili, ya chini ya watoto na ya juu ya wazazi wanaokuja kuchukua, na mvua ikipiga bati kiasi cha kumeza hadithi, tunahamia hapo kutazama maji yanavyochimba mifereji uani.

Vya kuchezea ndani ni vifuu, kokwa za embe, mbegu za mbuyu, vipande vya mbao ambavyo seremala wa jirani angevichoma. Kwa walio chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachopita ndani ya kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni ni kidogo mno, kiondoe. Na kagua ua wako kabla ya kuusifia. Mnyaa ni ua mzuri wa kuzuia mbuzi lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mbono kaburi na mbarika zina mbegu zinazofanana na karanga machoni mwa mtoto, na ni sumu. Vyote vitatu niling'oa.

Choo, maji, uzio na nafasi ya kila mtoto, afisa ustawi wa jamii atakuuliza, na ana haki. Hayo yatangulie, jani la mkungu lifuate.

Jiandae pia kwa wazazi. Kwao kituo bila katuni kimefilisika. Baba mmoja alinivuta pembeni: "Mwalimu, naona rangi iliwaishia?" Sikubishana naye. Nilipigilia ubao mrefu kwa kimo cha kifua cha mtoto, nikatundika kazi zao, na chini ya kila kazi nikaandika maneno ya mtoto mwenyewe kama alivyoyasema, pamoja na jina lake. Yule baba alikuta pale duara jeusi la mkaa, chini limeandikwa: "Huyu baba analala, gari yake inalala pia." Akalipiga picha. Herufi za kwanza ambazo mwanawe alizitambua ni za jina lake, kwenye ubao huo. Kazi tunazibadilisha kila Ijumaa ya pili, la sivyo ubao unarudi kuwa ule ukuta wa panya.

Na shimo la mchanga, tafadhali, lifunike kila jioni. Paka wa mjini hapa wanalipenda kuliko watoto, na wanaacha minyoo. Mimi natumia turubai kuukuu na mawe manne, na kuna zamu: watoto wawili kufunika, wawili kufunua asubuhi. Zamu ya kufunua inagombewa, kwa sababu chini ya turubai huwa kuna nyayo za kaa.