Jibu: Mbona nyumba za pwani ya Louisiana zinauzwa rahisi hivyo?

Salama mkuu. Unashangaa watu wa Cameron, wilaya ya pwani ya Louisiana kule Marekani, wanahama wakati nyumba zimeshakarabatiwa. Walipigwa na vimbunga: Rita 2005, Ike 2008, kisha Laura na Delta ndani ya wiki 6 hivi mwaka 2020, na bado wapo waliorudi. Kinachowamaliza ni bima.

Kwa hiyo kabla hujapatana bei, omba makadirio ya bima. Ya kawaida hailipi mafuriko. Ya mafuriko hukatwa kando, na ile ya serikali kuu inaishia dola 250,000 kwa jengo, tena kwa kawaida huanza baada ya siku 30. Halafu soma kipengele cha kimbunga: sehemu ya kujilipia, yaani unayotoa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, mara nyingi ni asilimia ya kiasi cha bima ya nyumba. Nyumba iliyokatiwa bima ya dola 200,000, kujilipia kukiwa asilimia 5, dola 10,000 za mwanzo zinatoka mfukoni mwako. Paa likiezuliwa upande mmoja tu, imekula kwako.

Na kwenye eneo la mafuriko, gharama ya matengenezo ikifika asilimia 50 ya thamani ya jengo, huruhusiwi kulirudisha lilivyokuwa. Unalinyanyua juu ya nguzo. Hapo ndipo wengi huuza kiwanja. Muuzaji akuoneshe cheti cha kimo cha sakafu, kinachoonesha sakafu iko juu kiasi gani ukilinganisha na kimo cha mafuriko. Akizungukazunguka, achana naye.