Povu linakauka kabla ya shavu la pili

SWALI: Nanyoa kwa brashi na krimu ya tyubu. Povu linajaa bakuli, lakini nikifika shavu la pili limeshakauka na wembe unakwaruza. Maji ni ya kisima. Nakosea wapi?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Tuanze na maji. Tanga ina mawe ya chokaa, ndiyo yaliyoliwa na maji yakawa mapango ya Amboni, na maji ya visima vya mawe hayo huwa magumu. Chokaa hushikana na sabuni, ukabaki na utando mweupe bakulini. Jaribu maji ya mvua. Huna? Chemsha ya kisima, yatulie, mimina ya juu. Hiyo hupunguza chokaa, chumvi haitoki.

La pili ni mkono wako: povu jingi linalokauka upesi limejaa hewa, maji hayatoshi. Brashi ya nywele za mnyama iloweke maji ya vuguvugu dakika 2 (ya nailoni ichovye tu), kisha ikung'ute. Weka krimu kiasi cha lozi. Zungusha sekunde 30 bila kuongeza chochote, mpaka iwe nzito. Sasa dondosha maji kwa kidole, matone 3 au 4, zungusha, rudia. Polepole, hupigi mayai ya chapati! Lililoiva linang'aa kama mtindi, na ukiinua brashi ncha ya povu inainama kidogo. Likiwa na mapovu makubwa, maji yamezidi. Ongeza krimu kidogo.

Paka shavu moja, nyoa, ndipo upake la pili.