Filamu ya Kichina kuhusu kibarua anayerudishwa kwao: jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili: iwapo ipo filamu ya Kichina isiyo ya ngumi inayomhusu mtu aliyekwenda mjini kutafuta maisha kisha akarudi kwao, na iwapo yanayoonyeshwa humo yanafanana na maisha ya Wachina wenyewe. Nimeishi Guangzhou miaka sita nikisimamia ghala la mizigo inayokuja Dar es Salaam na Mombasa, na filamu nitakayokutajia niliitazama humo humo ghalani, kwenye kompyuta ya ofisi, nikiwa na mzee mmoja mfungaji wa mizigo aliyetoka mkoa wa Hunan. Tahadhari kwa wasiopenda kuharibiwa utamu: nitaugusa mwisho wake, kwa sababu bila mwisho sina cha kukujibu.

Filamu hiyo ni Luo Ye Gui Gen ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Zhang Yang, na nje ya China inajulikana kwa jina la Getting Home. Jina la Kichina ni msemo wao wa siku nyingi, kwamba jani likianguka hurudi shinani, yaani mtu hata akatangatange wapi, mwisho wake ni alikotoka. Sasa anayerudi humu ni maiti. Zhao na mwenzake Liu ni vibarua wa ujenzi katika jiji la Shenzhen, kusini mwa China, na walikuwa wamepeana ahadi kwamba atakayetangulia kufa, mwenzake atamfikisha kwao. Liu anafariki, na Zhao anaamua kumpeleka hadi eneo la Mabonde Matatu ya mto Yangtze, upande wa Chongqing, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, ilhali hana gari wala jeneza. Anamkalisha kwenye kiti cha basi kama mlevi aliyelala, anambeba mgongoni, na kuna mahali anamtia ndani ya tairi kubwa na kumsukuma barabarani.

Anayeigiza Zhao ni Zhao Benshan, mchekeshaji ambaye kwa miaka mingi alikuwa nguzo ya kipindi cha televisheni cha mkesha wa mwaka mpya wa Kichina. Mzee wangu alianza kucheka kabla hajatamka neno, na nadhani mwongozaji alilitegemea hilo, kwa maana mtu ukishacheka ukiwa umejiachia ndipo unapochomwa vizuri. Basi linavamiwa na majambazi, na kiongozi wao akigundua kwamba huyu aliyelala ni marehemu anayepelekwa kwao, anaguswa na uaminifu wa Zhao na kurudisha fedha alizopora. Abiria waliookolewa kwa sababu ya maiti huyo huyo ndio wanaomtelemsha Zhao njiani na mzigo wake. Tukio hilo ni la dakika chache tu, lakini huwa nalikumbuka kila nikipanda basi la mkoani.

Mahali ambapo mzee aliacha kucheka ni pale Zhao anapofika kulipa na kugundua kwamba fidia ya kifo cha Liu, zile fedha zilizotoka kwa mwajiri na ambazo amezilinda njia nzima kuliko anavyojilinda mwenyewe, ni noti bandia. Mzee alitoa mfukoni noti yake nyekundu ya yuan 100, akapitisha ukucha juu ya kola ya vazi la Mao, yule kiongozi wao wa zamani aliyechorwa kwenye noti, pale penye mikwaruzo inayosikika kidoleni kwenye noti halali, kisha akairudisha bila kusema kitu. Huko Guangzhou kila muuza mboga alikuwa akifanya hivyo, hata nami nilikuwa nimezoea kiasi cha kutoliona tena. Baadaye aliniambia kwamba kuna bosi wa ujenzi aliyewahi kumlipa mshahara wa msimu mzima akachanganya noti za namna hiyo, naye alizitambua akiwa ameshafika kijijini kwa sikukuu.

Hapo ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Watu hawa huitwa nongmingong, yaani wakulima vibarua, na jina hilo haliwatoki hata wakikaa mjini miaka ishirini, kwa sababu daftari la ukaazi, hukou, ambalo sheria yake ni ya mwaka 1958, linawaandika bado kuwa watu wa kijijini. Shule ya mtoto, matibabu ya nafuu na pensheni vimefuata daftari hilo kwa muda mrefu, ingawa masharti yamelegezwa katika miji mingi. Ndiyo maana kwa mtu kama Liu neno "kwetu" linamaanisha mahali pekee ambapo serikali inakubali kwamba yeye ni wa hapo.

Tena China mwili hausafirishwi kiholela, na sehemu nyingi maiti huchomwa. Polisi wanapombaini Zhao, Liu anateketezwa, na safari inaendelea na majivu. Hili liliniuma kwa namna yangu, kwani niliwahi kuwa miongoni mwa waliokusanya michango ya kumrudisha nyumbani Mtanzania mwenzetu aliyefia huko. Kwa wiki kadhaa tulihangaikia vibali na fedha, na usiku mmoja mtu fulani katika kikundi aliuliza kwa upole kama familia ingeridhia majivu, na hakuna aliyemjibu.

Filamu haikosi dosari. Katikati inazidisha watu wema wanaotokea kila Zhao anapokwama, kila mmoja na somo lake dogo, na mimi ningepunguza wawili au watatu. Hata hivyo, nawe usiifunge hapo, kwa kuwa kinachokuja ndicho kinachoifanya iwe jibu la swali lako. Zhao anafika, na kijiji hakipo. Kimebomolewa kupisha maji ya Bwawa la Mabonde Matatu, mradi ulioanza kujengwa mwaka 1994 na kuwahamisha watu zaidi ya milioni moja. Msemo unalirudisha jani shinani, nalo shina limeng'olewa na serikali hiyo hiyo iliyoliandika kwenye daftari. Katika kifusi kuna mlango, na juu yake mtoto wa Liu amemwandikia baba yake ujumbe kwamba wamehama.

Niliona huo ni ukatili wa mwongozaji, nikamwambia mzee hivyo, kwamba mtu amebebwa njia yote ile aje kukuta mlango usio na nyumba. Mzee alikuwa ameshasimama, ameokota gundi ya kufungia maboksi, kwa maana kontena la Mombasa lilikuwa linafungwa jioni ile. Akanijibu akiwa amenipa mgongo: "Lakini walimwandikia."