Bakuli Lisilo na Jina la Fundi

SWALI: Mhariri, mwaka 1976 mama yangu, aliyekuwa mpishi katika nyumba moja ya Lavington, aliachiwa bakuli zito la kioo na waajiri wake walipokuwa wakirudi Ulaya. Lina kipenyo cha sentimita 24. Ndani ni rangi ya damu ya mzee, katikati ni kaharabu, na nje ni kioo kisicho na rangi. Mdomo wake umevutwa juu pande tatu mfano wa masikio. Halina muhuri wala maandishi. Dalali mmoja wa vitu vya kale hapa mjini alilimulika kwa tochi ya kukagulia noti bandia, tabaka la kaharabu likang'aa kijani, akasema ni la Murano, visiwa vya mafundi wa kioo karibu na Venisi, Italia, bila shaka na kwamba yuko tayari kulinunua siku hiyo hiyo. Nimetuma picha. Nitamjuaje aliyelitengeneza? (Msomaji, Umoja, Nairobi)

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza kabisa usiliuze siku hiyo hiyo. Dalali huyo ameona jambo la kweli, ila amelipa maana isiyo yake. Kioo kinachong'aa kijani kibichi chini ya mwanga wa urujuanimno, ule wa tochi ya noti, kwa kawaida kina urani, ambayo mafundi walikuwa wakiitia kwa kiasi kidogo ili kupata manjano na kijani. Murano waliitumia, ni kweli. Lakini Bohemia, katika Jamhuri ya Czech ya leo, waliitumia tangu miaka ya 1830, wakati wa ukoo wa mafundi wa Riedel. Mng'ao huo unakuambia kilichomo ndani ya kioo, wala haukuambii tanuri lilikuwa wapi.

Tabaka tatu nazo zina jina lake huko Italia: sommerso, yaani kilichozamishwa. Fundi huchota donge la kioo chekundu kwa bomba la chuma, akalichovya katika chungu cha kioo cha kaharabu, kisha katika kile kisicho na rangi, na kila mara donge hutoka limevaa koti jipya. Flavio Poli, aliyebuni kazi nyingi za kiwanda cha Seguso Vetri d'Arte cha Murano, ni miongoni mwa waliouletea mtindo huo sifa kubwa, hasa katika miaka ya 1950. Hata hivyo viwanda jirani viliuiga, na nchi nyingine zikafuata. Anayesema kwamba penye tabaka ni Murano hana tofauti na anayeonja wali wa nazi akaapa kwamba umepikwa Lamu, kana kwamba Tanga na Unguja hawana minazi.

Penye habari zaidi ni kitako. Ligeuze bakuli juu ya taulo nene, ukitazame kwa mwanga wa dirisha unaokuja kwa ubavuni. Kazi ya mkono hushikiliwa kwa fimbo ya chuma wakati mdomo unaundwa, na fimbo ikibanduliwa huacha kovu, ambalo viwanda makini hulisaga na kuling'arisha. Angalia na mikwaruzo: miaka mingi ya kusogezwa mezani huacha mistari myembamba inayoelekea kila upande, iliyojaa zaidi pale kioo kinapogusa meza, ilhali msasa wa mlaghai mara nyingi huacha mistari iliyolala upande mmoja. Kisha pulizia kitako pumzi ya joto, kama unavyopulizia miwani kabla ya kuifuta. Alama iliyochorwa kwa asidi, mfano wa zile zilizotumiwa na kiwanda cha Venini, huweza kufifia hata macho yasiione, nayo huibuka kwa sekunde chache kwenye ukungu wa pumzi. Tafuta pia kivuli cha gundi, kwa kuwa viwanda vingi vya wakati huo vilibandika lebo ya karatasi tu, na lebo ya karatasi haihimili mwosha vyombo. Ukikiona kivuli hicho, kipige picha na usikisugue. Wala bakuli usilitie maji ya moto, kwani kioo kinene kikipata joto la ghafla hupasuka.

Lipo jaribio la jikoni ambalo wauzaji wengi hulipuuza. Lipime bakuli likiwa kavu, kisha lining'inize kwa kamba kwenye mzani, lizame katika ndoo ya maji bila kugusa kando wala chini, ulipime tena. Halafu gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya hizo mbili. Kwa mfano, gramu 2,300 likiwa kavu na gramu 1,380 likiwa majini hutoa 2.5, nacho ni kioo cha kawaida cha magadi. Likipungua hadi gramu 1,520 tu, jibu linakaribia 3, nacho ni kioo kilichotiwa madini ya risasi. Hapo Murano inakuwa mbali sana, na ningeanza kukifikiria kiwanda cha Val Saint Lambert cha Ubelgiji.

Kwa picha zako, mimi ningeanza kutafuta Chřibská, kiwanda cha Bohemia kilichohesabiwa kuwepo tangu mwaka 1414 hadi kilipofungwa mwaka 2007, ambako Josef Hospodka alibuni vyombo vinene vya rangi zilizozamishwa, vyenye midomo iliyovutwa kama masikio ya bakuli lako. Vyombo vya Chekoslovakia viliuzwa nje kupitia shirika la serikali la Skloexport, na lebo ikidondoka, hakuna kinachobaki kumtaja mtu. Hadi upate bakuli lenye lebo linalolingana na lako kwa umbo, vipimo, mpangilio wa rangi na namna kitako kilivyosagwa, andika "yaelekea ni Chřibská" na usiondoe neno hilo la kwanza. Tena kumbuka kwamba mbunifu alichora, kiwanda kikamiliki, na kundi la mafundi likapuliza. Hao wa mwisho, ambao ndio hasa waliolitengeneza, hutawapata kwa jina.

SWALI: Nimenunua Gikomba bakuli la kijani hafifu lenye viputo vingi vya hewa. Je, viputo ni dalili ya ukale? (Msomaji, Buruburu)

JIBU: Si lazima. Viputo na ukijani hafifu, unaotokana na chuma kilichomo kwenye mchanga, ni vya kawaida katika kioo kilichoyeyushwa upya kutokana na chupa na madirisha. Kabla ya kuvuka bahari, vuka mto Mbagathi: karakana za Kitengela alizozianzisha msanii Nani Croze zinapuliza vyombo kwa vioo vya namna hiyo. Wapelekee bakuli lenyewe, si picha, kwa sababu fundi hutambua mkono wake anapokigeuza chombo na kukipapasa kitako.