Nguvu za miguu baada ya miaka 60: nilichobaki nacho na nilichoacha

Nakaa ghorofa ya 3, Mji wa Kale. Nilipofika miaka 62 nikawa nasimama katikati ya ngazi na kapu la Marikiti mkononi, na nikiketi mkekani siinuki bila kushika ukuta. Mwanangu aliyeko Dubai akaniletea makopo na chupa za virutubisho vya misuli vya kila aina.

Misuli huanza kupungua tangu miaka ya 30, na baada ya 60 kasi huzidi. Ndani ya misuli mna mitokondria, ndimo chakula kinamogeuzwa nguvu, nazo huzeeka pamoja nasi.

Ninachoendelea kutumia ni unga wa kriatini monohaidreti, gramu 3 hadi 5 kila siku, kijiko cha chai kisichojaa, kwenye maji. Mwili huitengeneza wenyewe, na samaki na nyama wanayo. Hurudishia misuli nguvu ya ghafla, ile ya kunyanyua dumu. Lakini wenzangu, mkienda kupimwa damu mtajeni unga huo! Kriatini huweza kupandisha kriatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo, hata kama figo ni nzima, na hicho ndicho kipimo cha figo. Mimi niliambiwa maabara kwamba figo zangu zina hitilafu; siku mbili sikupata usingizi. Daktari alipojua natumia kriatini akaagiza kipimo kingine cha figo kisichobabaishwa na kriatini, sistatini C, nikaonekana mzima. Mwenye maradhi ya figo asiiguse kabla ya kumwona daktari.

Urolithini A, vidonge vinavyosemwa kuwa huisaidia ile mitokondria, nimeiacha. Asili yake ni komamanga: bakteria wa tumboni huitengeneza kutokana na vilivyomo kwenye tunda, ingawa si kila tumbo linao bakteria hao. Wazee waliopewa kwenye majaribio misuli yao ilistahimili kazi zaidi, lakini walipopimwa kwa kutembea dakika 6 hawakuwashinda waliopewa vidonge vitupu. Kwa bei ile, nanunua samaki.

Na niseme kweli, miezi miwili ya mwanzo nilikunywa kriatini nikarudi kukaa barazani. Sikuona tofauti yoyote. Mabadiliko yalikuja nilipoanza kuinuka kitini bila kushika, mara 10, napumzika, narudia mpaka mizunguko 3, siku tatu kwa wiki. Baadaye nikiwa nimekumbatia dumu la lita 5. Misuli isipopewa kazi haina sababu ya kukua.

Chakula nacho. Asubuhi nilikuwa na mahamri mawili na chai, basi. Mtu wa umri wetu anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili. Mimi mwenye kilo 64 ni gramu 64 hadi 77 kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu. Sasa asubuhi pana mbaazi bakuli zima na mayai mawili, mchana samaki, usiku maziwa au ndengu. Mahamri sijayaacha.

Kama magoti yanauma, weka mto juu ya kiti kiwe kirefu, uanze na mara 5. Kiti kiegemeze ukutani kisiteleze.