Usipige amri ya kubadilisha zote, hata kama ni komenti tu

Yakhe wa Wete, simama hapo hapo! Umeandika kwamba umekuta makosa ya tahajia kwenye komenti (maelezo yanayoandikwa ndani ya kodi) za ArduPilot, ile programu huria ya kuendeshea droni, na unataka kupiga amri moja isafishe folda nzima, kisha uwatumie wenye mradi. Amri hiyo hiyo niliipiga miye.

Tulikuwa watatu, tunarusha droni juu ya mashamba ya mwani Paje. Tulijiongezea ujumbe wetu wenyewe wa MAVLink, lugha ambayo droni na kompyuta huzungumzia, wa kuleta kwenye laptopu umbali kutoka droni hadi majini. Mwenzetu aliyeuandika alipindua herufi: badala ya "height" akaweka "hieght", na kosa likaenea kwenye komenti na kwenye jina la ile sehemu ya ujumbe. Usiku mmoja likanikera, nikapiga sed, amri inayobadilisha neno kila linapotokea, kwenye folda ya kodi ya droni. Ikakompaili salama, hakuna onyo hata moja. Asubuhi droni ikapaa vizuri, umbali hauji.

Tukasema kihisi kimekufa. Tukaagiza kingine Dar, tukangojea boti, tukakifunga: kimya. Tukabadilisha waya. Tukalehemu upya, na hapo ndipo nilipounguza bodi yenyewe. Wiki tatu! Kumbe MAVLink huchukua jina la ujumbe pamoja na aina na majina ya sehemu zake, ikayapigia hesabu ikapata namba iitwayo CRC_EXTRA. Namba ya droni ikitofautiana na ya laptopu, ujumbe hutupwa. Laptopu yetu ilikuwa bado na jina la zamani. Herufi mbili tu, yakhe, na kihisi kilikuwa kizima tangu mwanzo.

Na aliyenipoteza ni mwalimu wa mafunzo ya siku mbili. Alisimama mbele yetu akasema: "Komenti ni za watu, mashine haizisomi, rekebisheni mtakavyo." Si kweli! Fungua faili zenye vigezo (mipangilio ya droni) vya ArduPilot, tazama komenti zenye @Param, @Range, @Units. Kuna skripti inayozisoma hizo, na kutoka humo ndimo yanamotoka maelezo anayoyaona rubani kwenye Mission Planner, programu ya laptopu ya kupangia na kufuatilia droni. Ukivuruga @Range, yaani mipaka ya thamani ya kigezo, umempotosha mtu ambaye hukujui. Mpaka leo sijamsamehe. Mwanafunzi humwamini mwalimu wake, humpi kauli kama ile.

Basi fanya hivi: faili moja, neno moja, kwa mkono. Kisha git diff, amri inayoonyesha ulichobadilisha, usome kila mstari uliotoka na ulioingia. Ukiona hata mmoja umebadilika nje ya komenti, rudisha. Folda ya modules usiiguse, mle mna kodi za miradi mingine. Na kila folda ipe komiti yake (rekodi ya mabadiliko kwenye git), jina la folda likae mbele, mfano AP_Motors, ndivyo wanavyotaka wenyewe.

Hiyo diff yako ibandike hapa kabla hujaituma. Nipo macho mpaka saa nne usiku, nitaisoma yote.